Mkoko Nao ni Mpaka wa Shamba



Msimu wa uchumaji unakaribia, na kama ilivyo ada, ofisi ya chama imeanza kupokea maswali juu ya majamvi, magunia na madago ya wachumaji. Baina ya maswali hayo limo moja ambalo tumeona lisijibiwe mlangoni kwa neno moja. Baadhi ya wanachama ambao mashamba yao yanateremka mpaka kwenye hori wanauliza kuna ubaya gani wakikata mikoko iliyo chini ya mashamba yao, zipatikane kuni za kuwapikia wachumaji na miti ya kujengea vibanda. Hoja yao ni fupi. Mkoko haukupandwa na mtu, hauzai karafuu, umesimama topeni, na tope halina mwenyewe.

Jawabu letu tunalitanguliza: mikoko hiyo isikatwe. Wala hatusemi hivyo kwa ajili ya sheria peke yake. Sheria ipo, Zanzibar ina sheria ya misitu, Namba 10 ya mwaka 1996, na mtu hawezi kuingia mikokoni na shoka kama aingiavyo shambani kwake. Lakini sheria humzuia mtu pale anapoonekana. Asipoonekana huzuiwa na kuelewa kwake. Kwa hivyo tunaomba tusomwe mpaka mwisho, kisha kila mmoja apime mwenyewe.

Tuanze na umbo la kisiwa chetu. Pemba ni kisiwa cha vilima na mabonde, urefu wake kama kilomita 67, na bahari imekikata kwa hori nyingi hata ni shida kupata shamba lililo mbali sana na maji ya chumvi. Juu ya kilima ndipo ulipo mkarafuu, kwa kuwa hautaki mizizi yake isimame majini. Chini ya kilima lipo bonde la mpunga. Chini ya bonde, mahala pasipofaa mpunga wala karafuu, ndipo inapoanza mikoko, na baada ya mikoko ni hori. Mvua inyeshayo juu ya mkarafuu hupita njia hiyo yote mpaka baharini, na bahari nayo hupanda kwa njia hiyo hiyo kila maji yanapojaa. Maji haya mawili hukutana mikokoni. Mwenye shamba hudhani mpaka wake ni mkarafuu wa mwisho, lakini mpaka wa kweli, ule unaomlinda, ni pale yanapokutana maji hayo mawili.

Miti ya mahala hapo sote huiita mikoko, lakini wazee wanaijua kwa majina yake: mkoko wenyewe, mchu, mkandaa, msinzi, mlilana na mkomafi. Mti wa kawaida usingeishi hapo. Maji ya chumvi huua mizizi, na tope lililolowa halina hewa. Hii imejaaliwa njia zake. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi iliyopindana kama miguu ya kaa, huizuia mizizini sehemu kubwa ya chumvi isipande mtini. Mchu huiacha ipande, kisha huitoa kwa majani. Ukiramba jani la mchu wakati wa jua utaonja chumvi. Vile vijiti vinavyochomoza topeni kuuzunguka mchu, vinavyochoma nyayo za wapitao, si miche michanga kama wengi wadhanivyo; ni mizizi iliyotoka juu kutafuta hewa. Na tunda la mkoko halianguki likiwa kokwa kavu kama la muembe. Huota likiwa bado limeshikwa na mama yake, likawa refu na jembamba kama mkuki mdogo, kisha huanguka likiwa mche tayari. Likikuta tope huchoma na kusimama. Likikuta maji huelea mpaka lipate tope jingine. Sisi tunaoatika miche ya mikarafuu kivulini na kuimwagilia asubuhi na jioni tunaweza kuithamini kazi hiyo.

Wanyama wa mahala hapo nao ni wa namna hiyo hiyo, nusu wa bahari na nusu wa nchi kavu. Kila aliyepita mikokoni maji yakiwa yamepwa amewaona wale visamaki wenye macho juu ya kichwa, wanaokwenda juu ya tope kwa mapezi na kupanda mizizi. Huyo ni samaki kweli, ana matamvua, lakini hubeba maji kidogo pembeni mwa kichwa na kuvuta hewa kwa ngozi yake iliyo majimaji. Ngozi ikikauka hufa. Kaa nao wamo wa kila aina. Wapo wanaovuta majani yaliyoanguka wakayaingiza mashimoni mwao na kuyala huko. Mashimo yao huingiza hewa na maji ndani ya tope, na majani hayo, badala ya kuchukuliwa na bahari, hugeuka mbolea papo hapo. Kwa lugha ya shamba, kaa ndiye mlimaji na mtia mbolea wa mikoko. Mikoko ikikatwa, tope hupigwa na jua, na wale kaa wapendao kivuli hutoweka. Tena wakitoweka hao, miche mipya haina wa kuilimia.

Hapa pana jambo linalofaa lisemwe wazi. Wengi wetu tuliosoma chuoni tulifundishwa kwamba katika madhehebu ya Imam Shafi kaa, chura na kasa hawaliwi, na sababu inayotajwa khasa ni kwamba ni wanyama wa bara na bahari. Hukumu hiyo ina wenyewe, na hatumo humu kuijadili. Tunalosema ni kwamba fundisho hilo la sinia wako watu walioligeuza kuwa dharau. Kisicholiwa wakakihesabu kuwa hakina kazi. Chura hutupiwa jiwe, kaa hupondwa, na mkoko ambao ndio nyumba yao hukatwa pasina kuulizana. Mwalimu alisema wasiliwe, hakusema wasiwepo.

Mtazame chura wa bonde. Huanza maisha majini akiwa kiluwiluwi mwenye mkia, kisha huota miguu, mkia ukapotea, akatoka nchi kavu. Akishakua chakula chake ni wadudu, na mpunga wetu na miche yetu michanga haina uhaba wa wadudu. Ni mlinzi asiyedai ujira. Lakini ngozi yake ni nyembamba. Hupitisha maji na hewa, na sumu nayo hupita. Mwanachama anayetia dawa ya mchwa kwenye miche ya mikarafuu, kisha akaoshea bomba lake kijitoni, haoni kitu siku ile. Dawa ile huteremka mpaka bondeni walipo viluwiluwi, na kutoka bondeni huenda mikokoni walipo kaa na kamba wachanga. Kijito ni kimoja, wanaodhurika ni wengi.

Wako na viumbe wanaokaa upande mmoja na kuzalia upande wa pili. Kasa maisha yake ni baharini, lakini jike hana budi kupanda mchanga kutaga mayai, na kisiwa chetu cha Misali ni mojawapo ya mahala pake. Yule kaa mkubwa mno anayepanda minazi, ambaye huonekana katika kisiwa cha Chumbe, mambo yake ni kinyume: akishakua ni wa nchi kavu na akizamishwa hufa maji, lakini jike lazima ateremke pwani kuyaachia mayai yake baharini. Kamba na samaki wa aina nyingi hukulia mikokoni wakiwa wadogo, ambako mizizi huwaficha na wakubwa wanaowala, kisha wakatoka kwenda nje kwenye kina. Basi ukingo wa kisiwa ni mlango wanaopitia wengi. Anayeuharibu amewafungia kizazi hata wale ambao hawaoni pale alipo.

Pengine mwanachama atajibu: haya ni mambo ya wavuvi, sisi ni watu wa karafuu. Tunamwomba ateremke bondeni kwake. Mizizi ya mikoko hupunguza nguvu ya mawimbi na kulishika tope, hata udongo unaotoka vilimani ukatulia hapo badala ya kwenda kufunika matumbawe. Mikoko ikiondolewa ukingo humong'onyoka, na siku za bamvua maji ya chumvi hupata njia ya kuingia mpungani. Mpunga haustahamili chumvi, na bonde lililoingiwa haliponi kwa mvua moja. Kusini mwa kisiwa chetu, Kisiwa Panza, wenyeji wameyaona maji ya chumvi yakiingia mashambani, na wamepanda mikoko ili kuyazuia. Kile wanachokitafuta wao kwa jasho, sisi wengine bado tunacho bure, kisha tunauliza kama tukitie shoka.

Na bahari yenyewe haikusimama pale walipoiacha babu zetu. Wataalamu wa mataifa mbalimbali wanaochunguza hali ya hewa wamepima kwamba usawa wa bahari duniani ulipanda kwa kiasi cha sentimita 20 baina ya mwaka 1901 na mwaka 2018. Sentimita 20 ni karibu ya shubiri. Kwenye kilima shubiri si kitu. Kwenye bonde tambarare linalopakana na hori, shubiri moja ya maji husafiri mbali. Karafuu hutupa fedha mwaka unapokuwa mwema, lakini zao hili lina tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kunyima mwaka mwingine. Katika mwaka wa kunyimwa, wanaotushikilia ni mpunga, muhogo na kitoweo. Mwenye kuharibu bonde ameharibu akiba yake ya mwaka mbaya.

Tena tujiulize anayeumia kwanza ni nani. Mwenye mikarafuu akikata mikoko, khasara haianzi kwake. Humwanza mwanamke anayeokota chaza mizizini maji yakipwa. Humfuata kijana anayetega kaa na kuwauza, na mfuga nyuki ambaye nyuki wake hula maua ya mchu, na mwenye kipande cha bonde ambaye hana mkarafuu hata mmoja. Watu hao, mabwana na mabibi, ndio tunaowaendea kila msimu kuwaomba waje kutuchumia. Wao hupanda miti yetu mirefu na kuhatarisha viungo vyao, na kila msimu tunaomba wateremke salama. Haiwi insafu kumlisha mchumaji dagoni kwa kuni zilizoharibu bonde la mama yake.

Tunajua dago halipikiwi kwa maneno. Watu wakishinda juu ya mti wanataka chakula, na chakula kinataka moto. Lakini shamba lenyewe lina kuni: mikarafuu iliyokufa, matawi yaliyokatika wakati wa uchumaji, makuti, makumbi na vifuu. Zikikusanywa na kuanikwa kabla ya msimu zitasogeza siku nyingi. Na mwenye pembe ya ardhi isiyofaa karafuu aweza kupanda mivinje, ambayo hukua upesi, ikawa shamba lake la kuni miaka ijayo. Ama miti ya kujengea, sifa ya boriti ya mkoko inajulikana. Ni nzito, ni ngumu, na kwa karne nyingi majahazi yaliichukua mpaka Arabuni na Ghuba ambako miti ni haba. Vyumba vya nyumba za mawe za mji wa Unguja na wa Lamu vilijengwa vyembamba kwa kufuata urefu wa boriti hizo. Mti wenye kuweza kubeba sakafu ya jumba la mawe ni ghali mno kwa kibanda kitakachobomolewa msimu ukimalizika.

Wako wanaosema, tukate sasa, kisha tutapanda. Sisi wakulima wa karafuu ndio tunaofaa kuwa wa mwisho kulisema neno hilo. Kimbunga cha mwezi wa Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa. Walioanza kupanda upya Unguja walijua maana ya kungoja, kwa kuwa mkarafuu hauanzi kuzaa kabla ya miaka kadhaa kupita. Mkoko nao haukui kwa siku moja. Isitoshe, kuupanda si kuchomeka mche popote penye maji. Kila aina ina mahala pake. Mlilana hukaa mbele ukielekea baharini, mkoko hufuata penye tope lililolowa sana, na mkandaa hupenda nyuma karibu na nchi kavu. Ukipanda mkoko juu ya mchanga unaopigwa na mawimbi, utahesabu miche leo na vijiti vikavu mwezi ujao. Hapana hata mmoja wetu anayepanda mkarafuu katikati ya kinamasi akatazamia mavuno, basi tusifanye mfano wake pwani.

Wala tusidhani kwamba kuuacha mkoko umesimama ni kukaa bila ya faida. Wenzetu wa vijiji vya Gazi na Makongeni, huko Kwale, Kenya, walianza mwaka 2013 mpango walioupa jina la Mikoko Pamoja. Wanaihifadhi mikoko ya hekta 117, na kwa kuwa mikoko huifungia hewa ya kaboni katika miti na tope lake, wako watu wa nchi za nje wanaolipa ili ibaki pale. Fedha hizo vijiji huzitumia kwa mahitaji ya wote, yakiwamo maji na skuli. Hatusemi kwamba ni utajiri, wala hatusemi kwamba yatakuwa hivyo kwetu kesho. Tunasema tu kwamba wakulima na wavuvi kama sisi walikaa, wakahesabu, wakaona mti uliosimama una thamani kuliko mzigo wa kuni.

Basi tunayaweka mbele ya wanachama mambo manne, ili yazungumzwe katika matawi na kisha katika mkutano mkuu.

La kwanza, kila mwanachama ambaye shamba lake linafika hori aiache mikoko yote iliyo chini ya mpaka wake, pamoja na ile mikandaa midogo ya nyuma ambayo watu huiona kuwa kichaka. Hiyo midogo ndiyo inayosimama karibu kabisa na mpunga.

La pili, mwenye dago apatane na wachumaji tangu siku ya kwanza kwamba kuni za kupikia zitatoka shambani kwake, azikusanye yeye mapema, wala asiwaachie wachumaji wakajitafutie. Mtu aliyeachiwa ajitafutie atakata kilicho karibu, na lawama isimwendee yeye.

La tatu, mabomba ya dawa yasioshwe kijitoni wala kisimani. Maji ya kuoshea yamwagwe juu ya kilima, mbali na njia ya maji, na mabaki ya dawa yasitupwe bondeni.

La nne, pale ambapo chumvi imekwisha kuingia, mwenye bonde asihangaike peke yake. Amwone sheha wake na Bwana Misitu wa wilaya, na chama kiwe tayari kutoa watu wa kusaidia kupanda, kila mti mahala pake, kwa ushauri wa wanaojua.

Wako watakaosema kwamba tunalifanya jambo dogo kuwa kubwa, kwa kuwa mikoko bado ni mingi. Ni mingi kweli katika hori nyingine, lakini katika nyingine imebaki mstari mmoja, na bamvua halitazami hori ya jirani. Waswahili husema mkoko ndio kwanza unaalika maua, kwa maana ya kwamba mambo ndiyo yanaanza. Sisi tungependa maneno hayo yaendelee kuwa kweli kwa mkoko wenyewe.

Tawi ambalo lina rai nyingine, au ambalo linajua njia bora ya kupata kuni za msimu huu, lituandikie kabla ya mkutano. Rai hiyo tutaichapa katika ukurasa huu huu, hata ikiwa inatupinga.

Katibu wa Chama